Kulala Tanga Mjini Siku Mbili Tatu: Maswali Ninayoulizwa Kila Wiki

Nilikaa risepsheni ya gesti hapa Tanga miaka sita. Kazi niliacha, simu hazijaacha. Kila Alhamisi jioni lazima mtu apige, dada shikamoo, tunakuja kesho tuko wanne, tunataka sehemu safi, bei poa, karibu na kila kitu. Sasa karibu na kila kitu ndo wapi? Nimechoka kurudia, nimeyaweka hapa yote, someni kwanza halafu ndo mpige.

Nakuja wikiendi, siku mbili tu, sina gari. Nilale mtaa gani?

Upande wa reli ulio na bahari. Yaani mjini kati au Chumbageni, hapo usihangaike tena.

Ngoja nieleze maana mgeni haelewi mpaka aione. Tanga mjini imegawanywa na reli, ile ile iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1893 kwenda bara. Upande wa bahari ndo kuna bandari, benki, ofisi, Uhuru Park, mnara wa saa, Boma la zamani ambalo sasa ni makumbusho, na ukifuata bahari unafika Bombo kwenye hospitali, halafu Raskazoni. Upande wa pili wa reli ni Ngamiani, barabara zake zina namba, ya kwanza, ya pili, ya tatu mpaka zinapita ishirini, hata mtoto hapotei. Halafu mbali huko nje ndo Kange, stendi ya mabasi.

Kosa la wageni wengi ni kwamba wanashuka Kange wamechoka, safari ya kutoka Dar ni kilomita kama 350 na unazunguka Chalinze na Segera, kwa hiyo mtu akiona bango la gesti pale pale anaingia. Asubuhi anaamka anakuta yuko stendi. Hajaiona bahari, hajaiona Tanga, na kila akitaka kutoka ni bajaji. Siku mbili ni masaa machache sana jamani, ukitoa kulala na kula unabaki na kama masaa kumi na nane ya kuzurura. Ukiyagawa kwenye bajaji utarudi kwenu unasimulia foleni ya Kange.

Ukilala mjini kati unatoka mlangoni kwa miguu, Boma, mnara wa saa, majengo ya Wajerumani na ya Wahindi yenye tarehe juu ya mlango, stesheni ya reli, forodhani kuangalia meli, vyote kabla ya jua kali. Mji mdogo huu, ingawa tuna hadhi ya jiji tangu 2005 na ukimwambia mtu wa Tanga "mji wenu mdogo" atakununia.

Lakini Kange ni bei rahisi zaidi, si ndio?

Rumu ndo rahisi. Kulala sio rahisi, na hivyo ni vitu viwili tofauti, nitaendelea kusema hivi mpaka mnichoke.

Piga hesabu na mimi. Tuseme Kange umepata selfu, yaani chumba chenye choo na bafu humo humo, ya feni kwa elfu ishirini, na mjini kati ya aina ile ile ni elfu thelathini. Unaona umeokoa msimbazi mmoja. Haya, bajaji ya kwenda mjini asubuhi tuseme buku tano, kurudi jioni buku tano, msimbazi umeondoka. Umesahau chaja? Bajaji tena. Mchana jua limekuchoma unataka kwenda kuoga na kubadilisha shati? Huendi, utakaa na jasho lako mpaka usiku. Na kama ile ya mjini ilikuwa na chai ya asubuhi ya watu wawili ndani ya bei, basi umeshapata hasara unajiona mjanja.

Kwa hiyo kabla hujasema hii rahisi, jumlisha rumu, nauli ya kwenda na kurudi unakotaka kutembea, na chai. Hiyo ndo bei ya kulala. Ile ya kwenye bango ni ya kitanda.

Kange nakuruhusu kwa jambo moja tu: basi lako linaondoka alfajiri na una watoto na mabegi. Usiku wa mwisho ule mmoja, sawa.

Na Ngamiani vipi? Naambiwa ni uswahilini, usalama upo?

Anayekuambia hivyo simjui ila naomba aje ale bada, ugali wetu wa muhogo, na samaki kwanza halafu aendelee. Mi nimezaliwa Ngamiani.

Ngamiani ndo Tanga yenyewe kwa upande wa maisha. Asubuhi vitumbua, mkate wa kumimina, bajia, chapati za maji, jioni kahawa chungu na kashata, wazee wanacheza bao, wasichana wamejipamba wanaenda kwenye shughuli. Gesti ni nyingi na bei inashuka ukilinganisha na ng'ambo ya reli. Kwa miguu unafika mjini kati, inategemea uko barabara ya ngapi. Hapo ndo pa kuangalia, namba zikiwa ndogo ndo uko karibu na mjini, zikipanda unakwenda mbali, kwa hiyo mtu akikuambia "gesti iko Ngamiani" usiridhike, muulize barabara ya ngapi. Barabara ya tano na barabara ya kumi na nane zote ni Ngamiani lakini miguu yako itajua tofauti.

Usalama ni wa kawaida wa mji wowote. Simu usiiache mkononi ukiwa juu ya bodaboda, usitembee peke yako vichochoroni saa saba usiku, basi.

Kinachosumbua Ngamiani ni kelele. Tutafika huko.

Nataka kulala baharini. Raskazoni ni pazuri?

Pazuri sana. Miti mikubwa, upepo, nyumba za zamani zenye bustani, hoteli kama Mkonge zinatazama maji. Huko huko ndo Waingereza walishusha majeshi yao Novemba 1914 wakaja kupigwa na Wajerumani na askari wao, na nyuki nao wakaingia vitani, wazee wa hapa wanacheka wakisimulia. Makaburi ya vita hiyo bado yapo mjini.

Ila nikuulize, baharini kwako maana yake nini? Kama ni kuona bahari, njoo. Kama ni kuogelea kwenye mchanga mweupe kama picha za Zanzibar, utagombana na risepsheni bure. Pwani ya Tanga mjini ina mawe na tope na mikoko sehemu nyingi, na maji yanakupwa kweli kweli. Binamu yangu alitafutiwa sehemu moja nje kidogo ya mji, picha inaonyesha maji mpaka kwenye ngazi, akafika saa nane mchana maji yamekwenda zake, mbele ni tope na kaa wanakimbizana na harufu ya mikoko, akanipigia simu anadai ametapeliwa. Hakutapeliwa, picha ilipigwa maji yamejaa. Akasubiri mpaka jioni bahari ikarudi.

Wanaotaka kuogelea hapa mjini huwa wanaenda kwenye zile klabu za Raskazoni, unalipa kiingilio unaingia, na unaangalia maji yamejaa saa ngapi. Uliza hotelini au muulize mvuvi yeyote, wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ndo tofauti inakuwa kubwa zaidi. Mchanga mzuri uko Pangani, Ushongo huko, hiyo ni safari nyingine.

Kingine, Raskazoni magenge ya chakula ni machache na barabara usiku ina giza sehemu sehemu. Utakula hotelini kwa bei ya hotelini au utachukua bajaji kwenda mjini. Ingiza kwenye ile hesabu yetu.

Gesti, lodji, hoteli, tofauti ni nini?

Jina la kwenye bango lisikusumbue, nimeona "hoteli" isiyo na vyumba ni ya wali maharage, na nimeona gesti inayoshinda hoteli kwa usafi. Uliza vitu, usiulize jina. Selfu au choo cha nje? Feni au AC? Maji ya moto yapo? (Tanga hii, maji ya moto ya nini, lakini watu wa Arusha na Lushoto hawaelewi.) Chai ipo ndani ya bei? Dabo ni kitanda kimoja kikubwa au vitanda viwili? Uzio na mlinzi wapo? Ukishapata majibu hayo, bango liandikwe chochote.

Choo cha nje msikidharau. Kama uko peke yako na unatafuta kuokoa hela, chumba cha choo cha nje kwenye nyumba yenye vyumba sita kinachosafishwa asubuhi na jioni ni bora kuliko selfu ambayo choo chake kinanuka mpaka kitandani.

Nikifika nikague nini kabla sijalipa?

Hapa ndo nilipokaa miaka sita kwa hiyo nisikilize vizuri. Risepsheni atakuambia "chumba kizuri dada, kiko poa kabisa" na mkono umeshanyooshwa kupokea hela. Nilikuwa nafanya hivyo hivyo. Mwambie kwa upole, naomba nikione kwanza. Akikataa, aga uondoke, hamna ugomvi.

Ukiingia vuta pumzi kabla ya kuwasha taa. Unyevu na ukungu unavisikia kwa pua kabla ya macho. Halafu nenda bafuni, fungua bomba na ufulashi choo, maji ya Tanga kwa kawaida ni ya uhakika, yanatoka bwawa la Mabayani mto Zigi, lakini kama chumba kiko juu ghorofani presha inaweza isifike, uliza kama kuna simtanki. Washa feni mpaka namba ya mwisho usikilize, feni inayogonga "tak tak tak" saa kumi jioni ni ya kuchekesha, saa nane usiku utalia. Jaribu kitasa na komeo la ndani. Nyoosha neti juu ya mwanga uone matundu, Tanga mbu wapo mwaka mzima na malaria haijui kama wewe ni mtalii.

Halafu kunguni. Usione aibu, mwenye aibu ndo anarudi nao nyumbani kwenye begi. Inua kona ya godoro upande wa kichwani, angalia kwenye mshono na kwenye nyufa za ubao wa kitanda. Ukiona vidoti vyeusi kama mtu amechovya kalamu ya wino, au maganda madogo ya kahawia, ondoka, hata kama ni bure. Begi usiliweke kitandani wala chini kabla hujamaliza ukaguzi, liweke juu ya meza au kiti.

Mwisho simama kimya dakika moja usikilize nje kuna nini. Ukuta umeshikana na baa? Msikiti uko wapi? Dirisha linafungukia kwenye jenereta? Watu wanakagua shuka masaa mawili wanasahau masikio.

Hiyo ya kelele, ni kweli Tanga hamlali?

Tunalala, tunachelewa tu.

Kwanza adhana ya alfajiri, karibu saa kumi na moja, na misikiti ni mingi kwa hiyo inaanza mmoja wanafuata wengine. Sisi tunaamkia humo, mgeni ambaye hajazoea atashtuka siku ya kwanza, siku ya pili anazoea. Usiende kulalamika risepsheni kwa ajili ya adhana, utaonekana mtu wa ajabu.

Pili, shughuli. Wikiendi uswahilini kuna harusi, rusha roho, baikoko (ngoma yetu ya kukata viuno), spika zimepangwa mpaka barabarani na turubai limefunga njia. Ukialikwa utafurahi maisha yako yote. Ukiwa umelala nyumba ya jirani, hapana. Ijumaa na Jumamosi ukipiga simu Ngamiani uliza "kuna shughuli hapo mtaani?" watakuambia ukweli, kwa sababu wenyewe wanaenda.

Tatu, na hii nasema kwa sauti ndogo, gesti za shoti taimu. Ziko kila mji. Milango inafunguka na kufungwa usiku kucha, viatu vya kisigino koridoni, na shuka sijui zinabadilishwa mara ngapi. Utazijuaje? Ukipiga simu ukiuliza bei ukajibiwa "ya kulala au ya kupumzika?" basi umeshajua. Au ukifika saa tisa mchana vyumba "vimejaa" halafu saa kumi na moja vitatu viko wazi. Kama unakuja na watoto au mama yako, usilale hapo.

AC au feni?

Inategemea unakuja mwezi gani. Kuanzia Desemba mpaka Machi Tanga ni joto la kukaa ndani ya sufuria, kama mfuko unaruhusu lipa AC. Kipindi cha kusi, Juni mpaka Septemba, usiku kuna upepo mzuri, feni inatosha na wengine wanaizima.

Kitu ambacho watu hawajui ni kwamba chumba cha ghorofa ya juu kabisa chini ya zege kinabeba joto la mchana mpaka katikati ya usiku. Omba ghorofa ya chini yake. Na uliza kama umeme ukikatika jenereta inawasha AC au taa tu, maana nyingi zinawasha taa tu, na chumba cha AC mara nyingi dirisha lake dogo halifunguki, umeme ukienda unabaki humo unaiva.

Nimeona picha nzuri kwenye programu ya kubuku, niziamini?

Ziamini nusu. Angalia maoni ya karibuni, sio ya miaka mitano iliyopita, na soma wanaolalamika zaidi ya wanaosifia, wanaosifia wote wanasema "nice". Fungua ramani uone pini iko wapi kweli, kuna sehemu zinaandika Tanga mjini wakati ziko njia ya Muheza. Halafu piga simu moja kwa moja. Gesti nyingi za hapa hazipo kwenye programu kabisa, na zilizopo ukiwapigia wenyewe wakati mwingine wanakupunguzia kwa sababu ile kamisheni hawatoi.

Saa pia. Programu inaandika kuondoka 10:00, hiyo ni saa nne asubuhi, sio saa kumi jioni. Mnacheka, nimeshagombana na baba mmoja mtu mzima kabisa kwa ajili ya hilo.

Wananiambia nitume hela yote kwanza. Nitume?

Yote, hapana. Advansi ya usiku mmoja sawa, hasa sikukuu. Ukituma kwa simu soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri, lifanane na jina la biashara au la mtu aliyejitambulisha, na ikiwezekana omba lipa namba ya biashara. Piga simu ya mapokezi, sio ya "meneja" uliyempata kwenye mtandao anayesema vyumba viwili tu vimebaki wahi. Matapeli wanapenda sana Idd na Pasaka.

Na risiti udai. Ukifika bila risiti na zamu ya risepsheni imebadilika, yule mpya hakujui.

Tuko wanaume wawili marafiki, tunataka kuchanga chumba kimoja. Kuna shida?

Semeni mapema mnataka chumba cha vitanda viwili. Gesti nyingi haziruhusu wanaume wawili kitanda kimoja, wengine wameandika kabisa ukutani. Vyumba vya vitanda viwili ni vichache kwa hiyo vinaisha haraka. Mke na mume, zipo sehemu zenye msimamo wa dini wataulizia kidogo, jibuni kwa heshima, na kila mtu awe na kitambulisho kwa sababu kile kitabu cha wageni lazima kijazwe, jina, unatoka wapi, unakwenda wapi, namba ya kitambulisho. Sio umbea.

Tunakuja familia, watu wazima wanne na watoto watatu.

Gesti mtapoteza. Vyumba vitatu mara usiku mbili, chai ya watu saba, mtashangaa. Tafuteni nyumba au apatimenti ya vyumba viwili vitatu yenye jiko, ziko Chumbageni, Raskazoni na Sahare. Mnanunua maziwa, mkate wa bofulo, machungwa ya Muheza, samaki asubuhi, mnapika. Muulize mwenye nyumba umeme ni wa luku nani anaweka, gesi ipo kwenye mtungi au mtungi ni pambo, na mfanyakazi wa usafi analipwa na nani. Nyumba ya Sahare bila gari fikirieni mara mbili.

Nataka kuona Mapango ya Amboni, Tongoni na Pangani pia. Nihame hame hoteli?

Kwa siku mbili usihame. Kila ukihama unapoteza nusu siku, kupanga begi, kutoa funguo, kusubiri chumba kiwe tayari.

Amboni ni kilomita kama nane tu kaskazini ya mji, njia ya Horohoro. Unaenda asubuhi, unaingia na mwongozaji mwenye tochi, popo juu ya kichwa, mawe ya chokaa, sehemu nyingine unainama mpaka unatambaa, vaa raba sio ndala. Ukitoka, chemchemi ya maji ya moto ya Galanos iko jirani, inanuka kiberiti ukiwa mbali. Saa saba mchana umerudi mjini unakula. Ukikubaliana na bajaji akusubiri inakuwa nafuu kuliko kutafuta nyingine kule.

Tongoni ni kusini, njia ya Pangani, magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya zamani. Kwa anayependa vitabu, njia hiyo hiyo kuna Machui, Shaaban Robert alizaliwa Vibambani huko mwaka 1909 na kaburi lake lipo Machui. Hii nayo ni nusu siku.

Pangani ndo nasema kalale huko huko kama unaitaka, usiku mmoja angalau. Kwenda na kurudi siku moja unafika umechoka na mto Pangani wenyewe hujauvuka. Basi panga hivi, usiku wa kwanza Tanga mjini, wa pili Pangani, au ongeza siku. Lushoto na Amani hata usiniulize kwa siku mbili.

Lini bei inapanda au vyumba vinaisha?

Simba au Yanga wakija Mkwakwani kucheza na Coastal Union. Usitanie, siku hiyo watu wanalala kwenye mabasi. Angalia ratiba ya ligi kabla hujabuku, mimi nilikuwa nimeibandika ukutani nyuma ya kaunta.

Zaidi ya hapo ni Idd, Pasaka, Desemba ndugu wanaporudi, na katikati ya wiki kukiwa na semina za maofisi, hizo zinachukua vyumba vya AC kwa mkupuo. Tangu kazi ya bomba la mafuta la kutoka Uganda ilipoanza kule Chongoleani watu wa makampuni nao wanawahi vyumba vizuri. Jumapili usiku ndo usiku mtupu kuliko yote, bei ikikataa kushuka Jumapili haishuki tena.

Napunguziwaje bei bila kuonekana bahili?

Salimia kwanza. Nyie wa Dar mnaingia "chumba bei gani?" bila hata habari za mchana, tunawatajia bei ya juu kwa makusudi. Salimia, kaa, ulizia habari, halafu sema "tuko usiku tatu, tutaelewana vipi?" Ukikaa usiku zaidi ya mmoja omba, ukiwa hutaki chai omba, ukilipa taslimu yote mara moja omba. Buku tano inatoka. Lakini akishakupunguzia usirudi tena kuomba nyingine.

Mwezi wa Ramadhani nije au nisije?

Njoo. Mchana migahawa mingi imefungwa, kwa hiyo uliza kama hotelini wanatoa chai asubuhi, na ukila kula ndani, usitembee unatafuna njiani. Magharibi sasa ndo raha, futari barabarani, mihogo ya nazi, tambi, kaimati, viazi, uji wa pilipili manga, na mji unachangamka mpaka usiku wa manane. Vyumba vinapatikana na kelele za shughuli hamna kabisa. Daku kuna wapiga ngoma wa kuamsha watu, ndo hivyo.

Nikishatoa funguo saa nne na basi langu ni la mchana, mzigo niweke wapi?

Risepsheni, bure, sehemu nyingi tu. Toa vya thamani, andika jina juu ya begi, mwachie aliyepo na umuulize anatoka zamu saa ngapi. Soda ya kumshukuru haijakatazwa.

Nasikia Tanga watu wanaendesha baiskeli sana, nikikodi nitaiweka wapi usiku?

Mji ni tambarare, baiskeli ndo usafiri mzuri kupita wote na inaua kabisa ile hesabu ya bajaji, hata ukilala barabara ya kumi na tano unafika bahari haraka. Uliza kabla ya kulipia chumba kama wana pa kuiweka ndani. Mlinzi atakuambia iegeshe tu hapo nje mgosi, hapa hapaibiwi. Mwitikie, mshukuru, halafu iingize ndani.